Bandama ya Punda Milia

Mwezi uliopita nilirudisha ofisini stampu, visu viwili, kinoo, na makoti matatu meupe ambayo weupe wake ulikuwa umebaki kwenye karatasi tu. Kijana aliyepokea aliandika kila kitu, akanipa niweke sahihi, kisha akaniuliza kama nina neno kwa wakaguzi wa nyama wanaoanza kazi sasa. Nikamwambia wachukue gambuti, zile buti za mpira, zinazozidi mguu kwa namba moja, kwa sababu ya soksi za asubuhi. Akacheka, tukaagana. Nilipofika nyumbani nikaona nimempa nusu ya jibu, na kumpa mtu nusu ya jibu ni kosa ninalolijua vizuri. Hii hapa ni ile nusu nyingine. Habari za vyeo na mishahara mtaambiwa na wengine.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na mitatu, kwenye kichinjio kimoja cha Nakuru, nikiishi chumba cha kukodi Bondeni. Siku ya kwanza nilivaa tai. Mkaguzi mkuu, Mzee Koros, aliniangalia kuanzia juu hadi chini akasema hakuna ng'ombe anayeoa leo. Nikaivua nikaitia mfukoni, na kufikia saa nne mfuko wenyewe ulikuwa umelowa damu. Jioni mama mwenye ploti alinikataza kuanika koti langu kwenye kamba moja na nguo za wapangaji wengine. Mbwa wa mtaa, kwa upande wao, walinisindikiza hadi mlangoni kwa heshima ambayo sijaipata tena kwa kiumbe yeyote.

Jambo jingine la siku zile ni wino. Stampu yetu ilikuwa ya wino wa zambarau, na wino ule hautoki kwa sabuni, kwa parafini wala kwa maombi. Watu wakipiga kura hukaa na wino kidoleni wiki moja wakijionyesha. Mimi nilikaa nao hadi nilipostaafu. Kwenye picha ya harusi yangu nimeficha mkono nyuma ya mke wangu, na wageni walidhani ni mapenzi.

Mzee Koros hakunipa kisu mwezi mzima. Kila alfajiri alinisimamisha kando ya boma la kungojea, niangalie ng'ombe wakishuka kwenye lori. Nani anachechemea. Nani masikio yamelala. Nani anatoa mate, nani anajitenga na wenzake, nani puani hapako sawa. Nilikuwa na haraka ya kukata, kama vijana wote. Yeye alikuwa akisema macho ndiyo yanayokagua, kisu kinakuja tu kuthibitisha. Na alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka nikaichukia: aliyeingia kwa miguu yake ni wetu, aliyeletwa amebebwa ni wa shimo, na wa shimo hapasuliwi.

Siku moja mfanyabiashara alileta fahali kwenye pikapu, amekufa. Akaapa kwamba amefia njiani kwa sababu ya joto, bado ana vuguvugu, tumwangalie ndani tu tutaona ni mzima. Mzee Koros aliita watu wachimbe shimo, akaagiza magunia ya chokaa, na fahali akazikwa na ngozi yake huku mwenye fahali akilia kama aliyefiwa na baba. Baadaye nikamuuliza mzee kwa nini hatukumpasua kidogo tu, tuone bandama, tujue. Bandama, kwa msiojua, ni ile nyama ndefu nyembamba iliyolala kando ya tumbo. Mnyama akiwa na ugonjwa wa kimeta, bandama yake huvimba, ikawa nyeusi na laini kama lami.

"Ukishampasua ili ujue," alisema, "umeshachelewa."

Akanieleza kwamba kimeta kinakaa kwenye damu. Mnyama akiachwa amefungika, ugonjwa mwingi huoza naye. Akifunguliwa, unapata hewa, unajigeuza mbegu ngumu, unaingia kwenye udongo na kukaa huko miaka kwa miaka ukingoja ng'ombe mwingine, au mtu mwenye mchubuko. Niliandika maneno yale kwenye kitabu changu, nikapiga mstari chini yake. Kitabu bado ninacho. Mstari uko pale pale.

Nakuru nilikutana na kesi nyingi, na nyingine zilikuwa za kuchekesha. Kuna mwenye bucha aliyechonga stampu yetu kwenye kiazi na kuipaka maji ya bitiruti. Alichonga vizuri sana, isipokuwa herufi zilitoka kinyume. Tulimkamata, na Mzee Koros akasema afadhali angetumia kile kiazi kwa mchuzi wa mbuzi. Nilimshtaki mtu yule bila kupepesa jicho. Nawaambia hili ili mjue kwamba nilikuwa naweza kuripoti mtu. Tatizo langu halikuwa woga wa karatasi.

Kisha nikahamishiwa Gilgil, nikanunua kipande cha shamba nje kidogo ya mji, mahali ambapo mashamba ya watu yanaishia na vichaka vya leleshwa vinaanza, na nyuma ya vichaka kuna ranchi zenye wanyama. Jirani yangu wa upande wa chini alikuwa Njoroge, Baba Wanja, na mke wake Wambui. Njoroge alikuwa fundi wa ua. Aliitwa na mashamba makubwa kuja kutengeneza nyaya zilizokatika, na alikuwa mcheshi, mkarimu, mtu wa kukopesha jembe kabla hujaliomba. Sisi ni watu wa Bungoma. Mwaka ule wa vurugu baada ya uchaguzi, vijana walipokuwa wakipita wakiuliza ni nyumba gani ni za watu wa kutoka magharibi, Njoroge alituweka kwenye stoo yake ya mahindi siku nne, mimi, mke wangu na mtoto wetu Nekesa, akakaa mlangoni na panga akiwaambia waliopita kwamba tumeshahama. Wambui alikuwa akituletea uji chini ya gunia. Sitawaeleza zaidi. Nimewaambia ili mpime yanayofuata kwa haki.

Baba Wanja alikuwa akiwinda. Hapo nyuma tulimchukulia kama watu wanavyomchukulia jirani anayekunywa: ana ugonjwa wake, lakini ni mtu mzuri. Mabaki ya waya kutoka kazini aliyageuza vitanzi, akavifunga kwenye mashina ya leleshwa katika njia za swara. Nchi hii hairuhusu kuwinda, hilo kila mtu analijua. Lakini hata kama ingeruhusu, vile alivyowinda yeye ingekuwa aibu, kwa sababu alikuwa akitega na kusahau. Aliweka mitego leo, kesho akaitwa kazi Subukia wiki mbili, na mitego ikabaki ikifanya kazi peke yake. Tulikuta digidigi wamebaki mifupa, waya ungali shingoni. Ndama wa mjane mmoja wa pale juu alirudi akiburuta waya uliokuwa umeshaingia hadi kwenye mfupa. Mbwa wetu Tomi alipotea siku tatu akarudi na miguu mitatu na kitu kisichokuwa mguu tena.

Nilikwenda kumwona kuhusu Tomi. Alisikitika kweli, karibu alie, akanipa mtoto wa mbwa wake. Nilipogeuza maneno kutoka kwa mbwa kwenda kwa mitego yenyewe, akatabasamu.

"Daktari," alisema, maana kijijini kila mwenye koti jeupe ni daktari, "wewe unapitisha mia kwa siku. Mimi mmoja kwa mwezi. Sasa muuaji ni nani?"

Nikacheka. Ndio, nilicheka, na mtu akishakuchekesha huwezi tena kumkemea. Askari wa wanyama walipokuja kuuliza nani anatega upande ule, nilikuwa nimesimama kwenye geti langu, na kutoka pale ungeweza kuona waya umezungushwa kwenye nguzo ya nyumba ya Njoroge. Nilisema sijui. Nilisema hivyo mara mbili, miaka tofauti.

Wambui ndiye aliyekuja kwangu. Alinipata nikinoa visu nje, akaketi kwenye mtungi uliopinduliwa. Alisema amechoka kuosha damu ya vitu asivyojua vimekufa lini. Wakati mwingine mumewe huleta mnyama ambaye ananuka tayari, na ukimwambia anasema ni harufu ya porini. Anagawa kwa majirani akiita mbuzi. Iko siku, alisema, mtoto wa mtu ataumwa.

"Baba Nekesa, mripoti tu," aliniambia. "Wewe wanakuamini. Wakimshika mara moja atatulia. Mimi nikisema ni mke wake, nitaonekana aje?"

Nilimwambia niachie, nitajua la kufanya. Aliondoka ameridhika, na hicho ndicho kinachoniuma, kwamba aliondoka ameridhika. Nilikaa na jambo lile wiki nzima. Nikijiona naingia kituoni kuandikisha jina la Njoroge, naiona ile stoo ya mahindi. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo nilikuwa nikiwatolea wenye mabucha kila siku, kwa sauti kubwa.

Basi nikatafuta njia ya katikati. Krismasi ile tulichinja mbuzi kwangu, familia mbili pamoja, na nikamwita Baba Wanja nikamwambia, kwa kuwa husikii, angalau ujue unachokula. Nikamfungulia mbuzi yule sehemu kwa sehemu. Nikamwonyesha ini lenye minyoo huwa vipi, mapafu yenye malengelenge ya maji huwa vipi. Nikaitoa bandama nikaiweka kiganjani mwake. Nikamwambia hii ndiyo ya kuchunga zaidi, iwe nyembamba hivi, rangi hivi, na ukiona imevimba na kuwa nyeusi, acha kila kitu ukimbie. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Aliuliza maswali kuliko vijana wengi niliowafundisha kazini. Nami, nikubali, nilifurahia somo. Nilijiona nimepunguza madhara bila kuvunja ujirani.

Wambui alikuwa ameshika karai la matumbo. Alituangalia sote wawili.

"Sasa umempatia leseni," alisema, akaenda kuosha.

Wenzangu, nataka muone kosa lenyewe, maana si mtu yeyote angeweza kulifanya. Ni mkaguzi tu. Miaka yangu yote nilipasua wanyama walioingia kwa miguu yao. Mzee Koros alikuwa amewaona wakishuka lorini, mimi nimewaona wakiingia, nusu ya kazi imekwisha kabla ya kisu kutoka kwenye ala. Yote niliyomfundisha Njoroge yalikuwa ya ile nusu ya pili. Lakini wanyama wa Njoroge hawakuingia kwa miguu. Aliwakuta wamelala. Kwa wanyama kama hao kuna somo moja tu, la kutopasua, na hilo sikumpa. Sikulisahau pia. Nililiona ni la kichinjio, halihusiani na swara wa kwenye waya, kwa sababu nilidhani swara wa kwenye waya tunajua kilichomuua.

Ukaja ukame mrefu, halafu mvua ya kwanza ikashuka kwa nguvu ikafukua udongo. Ofisini tuliambiwa kuna nyati na punda milia wanaokufa kwenye ranchi, tuwe macho na ng'ombe watakaoletwa. Nikawa macho na ng'ombe. Nilisimama kando ya boma kila alfajiri kama nilivyofundishwa, nikakataa madume wawili, nikajisifu. Jirani yangu hakunijia akilini hata mara moja.

Jumamosi moja nilirudi nyumbani alasiri nikakuta sufuria juu ya meza, imefunikwa na sahani. Kwetu kuna desturi: nyama haipikwi mpaka mimi niione. Mke wangu huiona desturi hiyo kama majivuno ya bure, lakini huifuata.

"Imetoka kwa Baba Wanja," alisema. "Amesema nikuambie ameikagua vile ulimfundisha."

Nilifunua. Nyama nyeusi yenye mafuta ya manjano, si ya mbuzi wala ya ng'ombe. Chini ya sufuria kulikuwa na damu, na damu hiyo haikuwa imeganda. Ilitembea kama oili iliyotolewa kwenye gari. Nikamuuliza mke wangu kama ameigusa. Akasema ameshika mikono ya sufuria tu. Nikampeleka bombani akanawa kwa sabuni mpaka akaanza kunikasirikia, kisha nikavuka ua.

Baba Wanja alikuwa kwenye kiti nje ya nyumba, amefurahi kuniona, akitaka kusifiwa. Nikamwambia anieleze toka mwanzo. Alimpata Alhamisi asubuhi, punda milia, amelala kwenye mtego. Waya ulikuwa umeshika wapi? Mguuni, alisema. Puani palikuwaje? Palikuwa na damu, alisema, si alikuwa amepigana na waya. Waya wa shingo unaua usiku mmoja, lakini waya wa mguu hauui usiku mmoja. Mnyama yule alikuwa anakufa tayari alipojikwaa kwenye mtego, na mtego ukachukua lawama.

Nikamuuliza habari ya bandama. Alisema aliitafuta kwanza kabla ya kitu kingine chochote, kama nilivyomwonyesha.

"Ilikuwa kubwa. Nyeusi," alisema. Akaniangalia usoni, na furaha ikaanza kumtoka. "Lakini Daktari, wewe ulinionyesha ya mbuzi. Punda milia ni mnyama mkubwa. Yake mimi nitajua hukaa aje?"

Katika miaka yote ile mimi mwenyewe sikuwahi kuona bandama ya punda milia mzima.

Nikauliza Mama Wanja yuko wapi. Alikuwa amelala tangu asubuhi, tumbo na homa, wakidhani ni malaria. Yeye ndiye aliyeosha matumbo Alhamisi ile, ndiye aliyekata nyama, ndiye aliyeonja kipande kwenye jiko kuangalia chumvi kabla hakijaiva. Nilimwomba anionyeshe mikono. Juu ya kifundo cha mkono wa kulia kulikuwa na uvimbe wenye maji kando kando, na katikati umekuwa mweusi kama kaa la moto lililozimika.

"Hainiumi," aliniambia, kama mtu anayenituliza.

Uvimbe wa kimeta huwa hauumi. Nikatoka nje nikamtafuta mwalimu mmoja wa jirani mwenye gari.

Hospitalini Nakuru nilimwambia daktari ni kimeta kabla hajauliza. Nikamwambia na habari ya punda milia, huku Njoroge amesimama pembeni yangu anasikia, na hakunikataza. Walimwanzishia Wambui dawa saa ile ile, walifanya kazi yao. Njoroge mwenyewe alikuwa na kidonda kama kile mkononi, naye akatibiwa. Jumapili nilizunguka na watu wa afya ya umma kwenye nyumba zote zilizopelekewa nyama, nikitaja majina moja moja kwa sababu mimi ndiye niliyejua anagawia nani. Wengine walikuwa wameshakula. Wote walipewa dawa, na wote wapo hadi leo. Kilichobaki tulikizika kwa chokaa, na pale porini tulipochoma mabaki hadi sasa sipiti.

Wambui alikufa Jumatatu mchana.

Alizikwa kwenye jeneza lililofungwa, na amri ilikuwa lisifunguliwe. Kwetu sote, watu wa huku na watu wa magharibi, waombolezaji hupita kumwangalia marehemu uso mara ya mwisho, na asiyepita huulizwa sababu. Mama yake Wambui, bibi mzee aliyetoka Kabazi akishikiliwa na wajukuu, hakuelewa. Aliwauliza maafisa, kisha akaniuliza mimi, kwa kuwa alisikia mimi ni daktari na ni rafiki wa nyumba. Aliniomba dakika moja tu. Nikamwambia haiwezekani. Akauliza kwani mtoto wake amefanya nini. Nimekataa nyama ya matajiri na ya wenye bunduki, lakini kukataa kule ndiko kulikonivunja, na nilikataa nikiwa nimevaa lile koti jeupe kwa sababu maafisa walitaka niwe nalo.

Baada ya mazishi maafisa walikuja kuandika taarifa. Aliyehoji alikuwa daktari wa mifugo kijana, makini, wa aina ninayotamani muwe. Alimuuliza Njoroge kila kitu kwa utaratibu, na akafika mahali akasimamisha kalamu. Alitaka kujua mtu wa kijijini aliyekuta mnyama amekufa aliendaje moja kwa moja kwenye bandama. Wawindaji hawajui bandama, alisema. Ni nani alikuonyesha?

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo. Njoroge aliangalia chini.

"Hakuna mtu," alisema. "Nimeona watu wakichinja."

Kijana akaandika. Mimi sikusema neno. Nilijiambia nitasema baadaye, Njoroge akishatulia, mtoto wao Wanja akisharudi Nairobi, kesi ikishaisha. Njoroge alikiri makosa yake yote kortini na akafungwa miaka miwili. Mimi niliandikiwa barua ya pongezi kwa kugundua ugonjwa mapema na kuokoa kijiji. Niliahidi kutotaja vyeo, na hicho si cheo, kwa hiyo naitaja. Iko kwenye droo, ndani ya bahasha yake.

Niliendelea na kazi hadi mwisho. Vijana walinisifu kwamba nimekuwa mkali kuliko zamani, na ni kweli. Nilikataa hata mbuzi aliyebebwa begani kwa sababu mfugaji wake alimwonea huruma. Usiku sikuwa nalala vizuri lakini hilo ni la wazee wote.

Njoroge alitoka mwaka jana. Amezeeka, haendi tena kutengeneza ua, na vichakani haingii. Tumekuwa tukisalimiana kupitia ua kama watu wasiofahamiana sana. Wiki nilipostaafu nilivuka kwenda kwake nikamwambia ninataka kuandika mambo haya kwa wakaguzi vijana, na kwamba nitaandika jina langu. Nikamwambia pia lile ambalo hakuwa analijua, kwamba Wambui alikuja kwangu akaniomba nimripoti. Alisugua alama ya kidonda mkononi.

"Ungeniripoti," alisema, "ningefungwa, halafu ningetoka. Nimefungwa na nimetoka. Lakini ningemkuta."

Nilimwambia ninajua. Nikamwomba msamaha, kwa mara ya kwanza, kwa maneno yaliyo wazi. Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe. Aliniuliza kama kwenye maandishi hayo nitasema alikuwa mjinga. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nitasema alikuwa mkaidi. Nikasema nitasema alikuwa akitega na kusahau, kwa sababu ni kweli. Akakubali kwa kichwa.

"Hiyo andika," alisema. "Lakini kwa ile siku usiandike nilikosea. Andika nilifuata vile ulinionyesha."

Basi nimeandika. Alikuta mnyama amelala, akampasua, akaitafuta bandama kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Alifuata vile nilivyomwonyesha.